Haja Iliyotimizwa Kabla ya Kuombwa

Alhamisi ile adhuhuri Dokta Rihab alikuwa amebakiza mwanafunzi mmoja tu wa kuonana naye, na mwanafunzi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni hajui aingie au arudi alikotoka.

"Ingia, Qusai. Hapa haliwi mtu."

Qusai akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa kijana wa mwaka wa tatu katika kitivo cha biashara, mrefu, mpole, mwenye unga chini ya kucha kwa sababu alfajiri alifanya kazi katika tanuri la mikate la mjomba wake. Wastani wake wa alama ulikuwa umeanguka chini ya kiwango muhula baada ya muhula. Onyo la kwanza alilifanyia mzaha, la pili akalificha, la tatu likamleta mbio kwa Dokta Rihab, mshauri wake wa masomo, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hajawahi hata kumsalimia. Kanuni ya chuo haikuwa na huruma: maonyo matatu, unatoka. Ila ilikuwa imeacha upenyo mmoja. Mshauri akiiandikia kamati na kushuhudia kwamba mwanafunzi amebadilika kweli, kamati inaweza kumpa muhula mmoja wa mwisho ajitetee. Kamati ilikuwa inakaa Jumapili.

Rihab hakuwa mtu wa kubembeleza wanafunzi, na kwa hilo walimwogopa kitivo kizima. Lakini huyu alimshughulikia. Alimkuta amejitwisha masomo sita kwa kuwa baba yake, dereva mstaafu wa malori ya jeshi, alitaka amalize haraka. Amejiandikisha uhasibu wa gharama na hata uhasibu wa mwanzo haujamwingia. Akamkata masomo mawili. Akampeleka kwenye kundi la maktabani, ambako kila Jumanne wanafunzi wa mwaka wa nne huwafundisha wenzao takwimu, na akitoka huko sharti apite ofisini amwonyeshe alichofanya. Mara ya kwanza kijana alisinzia kalamu mkononi. Rihab hakumkaripia. Alimpigia simu mjomba wa tanuri, akamwomba Jumanne amwache mtoto alale. Mjomba akaguna, akataja bei ya unga, akalalamikia vijana wa siku hizi, mwishowe akakubali. Na katika takwimu, somo lililomwangusha mara mbili, Qusai alikuwa amepata sabini na moja.

"Sabini na moja," alisema sasa, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajazoea kulitamka. "Inatosha, Dokta?"

"Kwa takwimu inatosha."

"Na kwa kamati? Nitadisko au nitabaki? Niambie tu, nijue moja."

Barua ilikuwa palepale mezani, kurasa mbili, imelazwa kifudifudi chini ya mkono wake. Alikuwa ameiandika asubuhi, na ukurasa wa pili wote aliujaza hizo Jumanne: alichoshindwa, alichorudia, alichokuja kukielewa. Hakuwahi kumwandikia mwanafunzi barua nzuri kama ile. Lakini kanuni ilimkataza mshauri kumwambia mwanafunzi maoni yake kabla ya kikao, na Rihab alizifuata kanuni hata zile ambazo waliozitunga walishazisahau.

"Kamati ni Jumapili. Nenda nyumbani ukalale."

"Baba ananiuliza kila siku. Nimwambie nini?"

"Mwambie inategemea nitakachoandika."

Lilikuwa jibu la kweli na halikuvunja kanuni yoyote. Angeongeza maneno mawili tu, kwamba ameshaandika, mambo yangeishia pale. Hakuongeza. Kijana akashukuru, akatoka kinyumenyume kwa adabu. Rihab akatia saini na tarehe, akaenda kuikabidhi barua kwa karani wa kamati, akakuta karani ameshafunga ofisi kuwahi mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi. Akaitia barua mkobani, akarudi nyumbani.

Jioni ile kaka yake Awwad aliingia nyumbani uso umemeremeta, akakaa bila kuvua viatu, jambo ambalo mama yao hakulivumilia kwa mtu yeyote.

"Viatu," akasema mama.

"Mama, Abu Mishaal amenipigia simu."

Mama akasahau viatu. Hapa Deir Sidra, na katika vijiji vyote vya mlima huu wa kusini mwa Jordan, Abu Mishaal hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo. Ndiye mzee anayetangulizwa ukoo mzima unapokwenda kuomba jambo kubwa, na jambo lenyewe huwa moja kati ya matatu: kusuluhisha kisasi cha damu, kuomba msamaha wa ajali, au kuposa. Nyumba ile haikuwa na damu na mtu. Gari la Awwad lilikuwa limelala gereji tangu mwezi uliopita na lisingeweza kumgonga hata kuku. Mama alizipiga hesabu hizo kimoyomoyo, kisha akageuza macho taratibu kumtazama binti yake.

"Amesema nini hasa?" aliuliza Rihab.

"Amesema wana haja kwetu, Jumamosi baada ya alasiri watakuja. Nikamwambia nyumba ni yao."

"Hukumuuliza haja gani?"

"Nimuulize? Abu Mishaal aseme ana haja kwangu, mimi nimwambie ngoja kwanza, haja yenyewe ipi? Unataka nichekwe mji mzima?"

Na kweli, huku kwetu angechekwa. Ghadir, mke wa Awwad, hakuhitaji kuuliza chochote; alikuwa na majibu tayari. Abu Mishaal ana mpwa, mhandisi, amefiwa na mke, karudi kutoka Kuwait. Hana watoto. Hana hata mama wa kumsumbua mkwe, alikwishafariki. Chai ilipokuja mhandisi alikuwa na nyumba Amman, na chai ilipokwisha nyumba ilikuwa ya ghorofa.

"Mnajitungia hadithi," akasema Rihab.

"Wacha tutunge, wifi. Ya bure hiyo."

Rihab alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Mama yake alikuwa ameacha kuutaja umri huo mbele za watu, na zile harusi ambazo zamani alizihudhuria akiwa ametangulia mbele, siku hizi alikaa karibu na mlango apate kuondoka mapema. Rihab mwenyewe alijiambia kwamba hilo jambo limeshapita, na siku nyingi aliamini hivyo. Lakini Ijumaa alitoka akaenda kutengeneza nywele. Alisema zilikuwa zinahitaji kutengenezwa siku nyingi. Hakuna aliyembishia, na Ghadir, ambaye kwa kawaida habakizi neno kinywani, siku hiyo alinyamaza akamchagulia vazi, lile la kijani.

Jumamosi baada ya alasiri magari yaliupanda mlima kwa mstari, na watu wa mtaani wakatoka vibarazani kuyahesabu. Wanaume walishuka na vilemba vyao vyekundu vya mirabaraba na majoho mabegani, wakasubiri Abu Mishaal atangulie. Awwad aliwapokea mlangoni pamoja na ami zake wawili aliowaomba waje kumjazia sebule. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia la ukumbini: mama, Ghadir, Rihab, na jirani yao Umm Yanal, aliyealikwa kusaidia vikombe tu na akaja amevaa dhahabu.

Kahawa chungu ikamiminwa, kikombe cha kwanza akapewa Abu Mishaal. Akakipokea, akakiweka mezani bila kukigusisha mdomo. Wenzake nao wakaweka vyao. Kila aliyekulia huku anajua maana yake: mgeni mwenye haja haonji kahawa mpaka apewe neno, na mwenyeji akishamwambia kunywa, amekubali, na kukubali kwake hakurudi nyuma.

"Kunywa kahawa, Abu Mishaal," akasema Awwad, kama inavyotakiwa.

"Hatunywi, mwanangu, mpaka utupe tulichokijia."

Hapo Awwad alipaswa kuuliza. Wengi huuliza, na hakuna anayewalaumu. Lakini wapo wenyeji wanaosimuliwa mpaka leo kwa kuwa waliitoa haja kabla ya kuisikia, na Awwad, karani wa idara ya maji, mtu ambaye watu humfuata kwa sababu ya mabomba yaliyopasuka, aliiona siku yake imefika. Akajinyoosha kwenye kiti. Akaweka mkono kifuani.

"Kunyweni. Mlichokijia ni chenu, hata msipokitaja."

Sebule nzima ikanong'ona kwa kumsifu. Wakanywa.

Nyuma ya pazia, Umm Yanal hakungoja zaidi. Alipiga vighelegele vikatoka dirishani vikashuka mtaa wote, na kutoka nyumba ya pili vikajibiwa. Ghadir akamrukia wifi yake shingoni. Mama akakaa chini palepale akalia, akimshukuru Mungu kwa jina la kila walii aliyezikwa mlimani. Na Rihab, Dokta Rihab wa kanuni na kumbukumbu, akasimama na vazi lake la kijani, nywele zimetengenezwa, akafurahi. Hakuna haja ya kumficha.

Sebuleni wageni walitazamana. Vighelegele viliwashangaza kidogo, lakini wakavichukulia kuwa ni ukarimu wa nyumba. Abu Mishaal akapangusa masharubu.

"Mungu akuzidishie, Awwad. Haja yetu iko kwa dada yako."

"Dada yangu ni dada yenu," akasema Awwad akitabasamu.

"Ana mtoto wetu huko chuoni, anaitwa Qusai. Wanataka kumfukuza. Tumekuja kumwombea muhula mmoja."

Awwad aliendelea kutabasamu kwa muda, kwa kuwa uso haukuwa umepata habari bado.

"Muhula?" akasema. "Mmekuja kwa mambo ya mtihani?"

"Kijana mwenyewe kasema kila kitu kinategemea atakachoandika dada yako. Basi tukasema, kama liko kwa mtu, mtu huombwa. Baba yake ndiye yule."

Kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango, mtu mfupi mwembamba aliyevaa joho lililomzidi aliinuka nusu, akakaa tena. Joho lilikuwa la kuazima, kila mtu aliliona hilo. Macho yake hayakuthubutu kupanda juu ya meza.

Pazia si ukuta. Umm Yanal alikuwa amevuta pumzi kwa vighelegele vya pili, ikambidi aimeze. Ghadir akauondoa mkono wake shingoni mwa wifi yake polepole, asijue auweke wapi. Mama peke yake, ambaye sikio moja lilikuwa zito, alikuwa bado anafuta machozi.

"Wamesemaje? Ni yule mhandisi? Mbona mmenyamaza, ni yupi?"

Ghadir akamtazama Umm Yanal, Umm Yanal akatazama vikombe.

"Hakuna mtu, Mama," akasema Rihab. "Wamekuja kwa mambo ya kazi yangu."

Nje, watoto wa jirani walikuwa wameanza kupiga ngoma ya debe.

Awwad aliingia ukumbini, akavuta pazia nyuma yake. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Alinong'ona kwamba ameshatoa neno, afanyeje; wamekunywa, ami zake wako pale, mji wote umeona magari. Rihab akamwambia kwamba neno alilolitoa halikuwa lake. Awwad akasema andika tu mstari mmoja, dada yangu, mstari mmoja utakupunguzia nini? Nimekaa miaka na miaka katika nyumba hii sijakuomba kitu.

Rihab alikuwa akimsikia nusu nusu. Alikuwa anaufikiria mkoba uliokuwa chumbani kwake, na barua iliyomo ndani. Kilichomjia ni kicheko, kisha kikageuka hasira, na chini ya hasira ile kulikuwa na aibu mbichi iliyomchoma masikio. Aliwaonea aibu hata wale watoto wenye debe. Akaona njia moja tu ya kutoka pale, nayo ni kusema kweli. Kweli ingemwokoa yeye, ingemwokoa Qusai, hata huyu kaka yake mjinga ingemwokoa. Akavaa koti jeusi juu ya vazi la kijani, akafunga vifungo vyote, akaingia kwa wanaume.

Wakasimama wote. Akawasalimu, wakaitikia.

"Wazee wangu, mmejisumbua bure," akasema. "Qusai nilimwandikia tangu Alhamisi asubuhi, kabla ya mtu yeyote kupiga simu. Nimeiomba kamati impe muhula. Nimefanya hivyo kwa sababu kijana amejituma, nimemwona kwa macho yangu. Si kwa sababu ya ujio wenu, wala kahawa hii."

Abu Mishaal alimtazama, machozi yakamlengalenga. Kisha akawageukia watu wake.

"Mmesikia? Haya ndiyo malezi. Anakupa haja yako, halafu anakwambia ilikuwa yako tangu juzi, ili usitoke nyumbani kwake umeinamisha kichwa."

Sauti za kukubali zikapita sebuleni. Mmoja akasema marehemu baba yake Rihab alikuwa hivyo hivyo. Awwad, aliyekuwa amesimama nyuma kama mtuhumiwa, akaanza kurudishiwa damu usoni.

"Siyo adabu, Ami. Ni kweli. Barua ninayo hapa ndani, naweza kuileta."

"Tukukague, binti yangu?" Abu Mishaal akaweka mkono kichwani kukataa. "Aibu ilioje. Neno lako linatutosha."

Wakamzingira kwa heshima, akakosa pa kupita. Kila alivyosisitiza ndivyo walivyozidi kumsifu. Baba yake Qusai alikuja mbele akikanyaga pindo la joho, akataka kumbusu Awwad begani, Awwad akamzuia, wakashikana pale katikati ya sebule.

"Abu Qusai," Rihab akamwita. "Mwanao anajua mmekuja hapa?"

"Hajui, Dokta. Yuko tanurini. Leo ndiyo nitamfurahisha."

"Nakuomba usimwambie."

"Nimfiche neema kama hii? Mimi sijasoma, Dokta. Sina nililowahi kumfanyia huyu mtoto katika masomo yake. Leo nimemfanyia moja." Alisema hayo akilia, na hakukuwa na mtu pale ambaye angeweza kumchukia, hata Rihab.

Jumapili Rihab aliikabidhi barua kwa karani mapema, kisha akasimama mbele ya kamati, akaeleza yote yaliyotokea nyumbani kwao bila kuacha kitu isipokuwa vazi na nywele. Akaomba wenzake waisome barua yake kwa makini zaidi kuliko kawaida, na kama wana shaka, wamwite kijana wampime takwimu palepale.

Alikuwa amejitayarisha kwa maswali. Hayakuja. Mwenyekiti, Dokta Mundhir, ambaye alioa katika ukoo wa Abu Mishaal, alicheka kwa upole na kusema habari zimeshamfikia, na kwamba hata mkewe alisikia vighelegele. Wajumbe wawili wakainamisha nyuso kuficha tabasamu. Dokta Lubna peke yake alisema kama wazee walitumwa basi shauri liahirishwe, na mwenyekiti akamuuliza kama yeye atakwenda kwa Abu Mishaal kumweleza hivyo. Lubna akafunga faili.

"Anayekubali kijana apewe muhula?"

Mikono ikainuka.

"Hamjaisoma," akasema Rihab. "Someni ukurasa wa pili tu."

"Dokta, umeshapata," mwenyekiti akamwambia, na akalifungua faili lililofuata. "Unataka nini tena?"

Njiani kurudi ofisini kwake mhadhiri mmoja wa masoko alimpungia mkono akamwambia hongera, na Rihab hakuelewa ni hongera ya kipi. Mjini mambo yalikuwa yamegawanyika. Mama, baada ya kukaa kitandani siku nzima ameugeukia ukuta, aliinuka na habari yake mwenyewe: kwamba wazee waliposa kweli, na Rihab ndiye aliyekataa, kwa kuwa hataki mtu aliyewahi kuoa. Aliisimulia kwa kila aliyekuja kumjulia hali. Umm Yanal, aliyesikia yote kwa masikio yake, alikubali kuisimulia pia, na hilo lilikuwa jambo jema zaidi alilowahi kuwafanyia. Kwa hiyo nusu ya Deir Sidra ilisema Dokta Rihab anaringa, na nusu nyingine ilisema alama za chuo siku hizi zinatolewa kwa kikombe. Rihab hakumkanusha mama yake. Alimwona amerudi kula, akaona bora aitwe mwenye maringo.

Jumanne, saa yake ile ile ya baada ya maktaba, Qusai alikuja. Safari hii hakukaa ukingoni, hakukaa kabisa. Mkononi alikuwa na sinia la kunafa, ile tamutamu ya jibini na shira, lililofunikwa karatasi, baba yake ndiye aliyelituma. Akaliweka mezani juu ya vitabu.

"Nimekuja kushukuru, Dokta. Na kusema sitakusumbua tena Jumanne."

"Kwa nini? Umepewa muhula, hujapewa shahada. Uhasibu wa gharama bado unakungoja."

"Nitasoma nyumbani." Akasita. "Kule maktabani wananiita Finjani, kile kikombe cha kahawa. Nikiuliza swali wananiambia sisi tunasoma, wewe nenda ukamlete Abu Mishaal. Wanatania tu. Lakini nimeona afadhali nisiende."

Rihab akamwambia akae. Hakukaa. Akamwambia basi asikilize, na akamweleza, akichagua maneno kwa uangalifu ambao hakuwa nao Alhamisi, kwamba barua ilikuwa imeshaandikwa wakati yeye amekaa kwenye kiti hiki hiki, ilikuwa chini ya mkono wake, na kwamba kosa la kunyamaza lilikuwa lake. Alisema angetoa kitu kikubwa irudi ile siku.

"Baba aliniambia," akasema Qusai. "Abu Mishaal anaisimulia kila mahali. Anasema hajaona mwanamke muungwana kama wewe."

"Abu Mishaal hakuelewa. Wewe nielewe. Ile sabini na moja ni yako. Muhula huu ni wako. Hukuombewa na mtu."

Akafungua saraka, akatoa nakala ya barua aliyobaki nayo, akaigeuza kumwelekea. Qusai akaipokea kwa mikono miwili. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma na ukurasa wa pili wote, zile Jumanne moja baada ya nyingine, hata ile aliyosinzia. Alipofika chini kwenye saini aliitazama tarehe, akaendelea kuitazama, na Rihab naye akamtazama yeye, akingoja.

Kijana akainua uso. Ulikuwa uso wa mtu aliyefanyiwa wema mkubwa kuliko anaostahili.

"Mungu akuhifadhi, Dokta," akasema kwa sauti ya chini. "Hukulazimika kuirudisha tarehe nyuma hadi Alhamisi kwa ajili yangu."

Akaikunja barua palepale ilipokuwa imekunjwa, akairudisha mezani kando ya kunafa, akatoka kinyumenyume kwa adabu yake ile ile, akafunga mlango taratibu usipige kelele.